Ndoo ya Mchanga ya Fundi Mahmoudi

Mkipita kwenye duka langu la ushonaji, nyuma ya soko, mtaona mlangoni ndoo ya mchanga iliyovalishwa kitambaa cha dantela, yaani lesi. Chekeni tu. Kila mtu anacheka, na mimi mwenyewe nikifungua duka asubuhi na kuiona, nacheka peke yangu mpaka wapita njia wanageuka. Nina miaka arobaini na mitatu, nilifiwa na mume zamani, ni fundi cherehani, nimetoka kwenye nyumba ya zamani ya Waislamu wa mji huu, na nyumba yetu haijawahi kutoa mwehu. Basi huenda nikawa wa kwanza. Jina langu Zaina, lakini habari hii si yangu, ni ya Mahmoudi. Nikianza kujisifu mnirudishe njiani.

Mahmoudi ni fundi wa kuchomelea vyuma kwa umeme, ajusteur, kama tunavyoita hapa Kisangani. Alizaliwa Lubunga, ng'ambo ya mto. Baba yake alikuwa mtu wa reli, kazi yake kuunganisha mabehewa ya treni ya Ubundu. Mtu akifanya kazi ile miaka thelathini na vidole vyake kumi bado ni kumi, ujue nyumbani kwake hakuna mchezo. Watoto wengine walilazwa kwa hadithi za sungura. Mahmoudi alilazwa kwa swali moja: kabla hujagusa kitu, mkono wako wa pili uko wapi? Anasema mpaka leo akilala anajua mikono yake yote miwili iko wapi.

Hata hivyo ujana ni ujana. Alipokuwa na miaka ishirini alipata kazi ya kuchomelea meli za mizigo huko Barumbu, chini mtoni. Siku moja mvua ilikuwa imetoka kunyesha, sitaha imelowa, yeye pekupeku, glavu imelowa, na mwenye meli anapiga kelele kwamba wanachelewa. Akashika baguette, ile fimbo nyembamba inayoyeyuka na kuunganisha chuma, akaigusa kwa mkono uliolowa. Anasema aliruka kabla hajaamua kuruka. Umeme ulimtoa kwenye sitaha ukamtia mtoni, na wavuvi wakamvua kwenye wavu mmoja na kambare wawili. Wakagombana kidogo nani amchukue nani. Anaisimulia huku anacheka, lakini ukimtazama vizuri utaona anajifuta viganja kwenye suruali, hata kama vimekauka.

Toka siku ile akawa mtu wa kukera. Viatu vikavu, glavu kavu, ubao mkavu chini ya miguu, la sivyo hafanyi kazi hata umlipe nini. Alioa hukohuko Barumbu, mke akaishi naye miaka mitatu, kisha akarudi kwao kwa amani. Alisema Mahmoudi ni mtu mwema sana, ila yeye amechoka kuamshwa aulizwe kama jiko amelizima.

Miaka saba iliyopita alikuja kupanga nusu ya banda langu. Kati yetu ukawa ukuta wa mbao tu, na juu ya ukuta nafasi ya kupitisha mkono. Siku ya kwanza, kabla hata hajashusha poste yake, yaani ile mashine ya kuchomelea, alipigilia mabati upande wake wote, toka chini mpaka mwisho wa mbao. Akafagia. Akafagia hata vipande vyangu vya nyuzi vilivyokuwa vimejipenyeza kwake. Halafu akaja mlangoni kwangu na ndoo ya mchanga.

"Ya nini hii, papa?" nikamuuliza.

"Ya moto."

"Moto gani?"

"Ule ambao haujaja bado, mama."

Nikamwambia mimi nashona, sichomi, na mchanga una funza. Nikamrudishia. Hakukasirika. Mwaka mpya ulipofika akaniletea tena, mchanga mpya umechekechwa, mkavu kama unga. Nikamrudishia tena. Ikawa desturi yetu: kila mwaka mpya ananiletea ndoo, namrudishia ndoo, tunatakiana heri. Mara saba. Watu wengine wanapeana keki.

Sasa mjue jinsi alivyofanya kazi, maana mtaa mzima uliishi kwa kazi ile. Asubuhi anakagua kebo, anaipitisha yote mikononi kama mwanamke anayechagua mchele, akitafuta mahali palipochubuka. Anakwangua kutu mahali anapobana waya wa pili wa mashine, anaubana karibu kabisa na kazi yake. Anasimamisha bati la kukinga ili mwanga usitoke barabarani. Anavaa koti zito, aproni ya ngozi, glavu mpaka kwenye kiwiko. Ndipo anashusha masque, ile kofia ya uso yenye kioo cheusi, na anapaza sauti: "Macho."

Na mtaa mzima unageuka. Mimi sijaona kitu kama kile mahali pengine. Watu wa toleka, wale wa baiskeli za kubeba abiria, wanasimama na abiria wao nyuma, wote wametazama upande wa pili. Wanunuzi wanatazama ukuta. Viviane, rafiki yangu wa Yanonge anayeuza samaki na kwanga, ile mikate ya muhogo, ng'ambo ya barabara, anageuka na kuwafunika samaki wake kwa jani. Nikamwambia samaki wamekufa, mama. Akasema hata mufu iko na heshima yake. Kisha Mahmoudi anapaza tena, "Tayari," na mtaa unarudi mahali pake, bei zinaendelea pale zilipokatikia.

Ilinikera. Bon, nitasema ukweli, nilijifanya inanikera. Miaka saba mtu anakuambia geuka, na wewe unageuka, hata siku moja hujawahi kumwona akifanya kazi yake. Namjua kwa mgongo wangu.

Kuna siku mtu mmoja alileta pipa tupu la petroli, anataka likatwe liwe jiko la kuchomea nyama. Mahmoudi akakataa. Yule akasema liko tupu, papa, hata tone hakuna. Mahmoudi akasema tupu ndilo baya zaidi, mvuke umebaki ndani, nikiligusa na moto tutakula hiyo nyama mimi na wewe huko juu. Yule mtu akaondoka na pipa lake anatukana. Na mimi, mdomo wangu hauna kufuli, nikasema kwa sauti ya kusikika kupitia ukuta kwamba wanaume wengine ni waoga. Halafu nikasikia, "Ni kweli, mama." Mtu wa namna hiyo utagombana naye vipi? Nilitafuta njia.

Njia ilijileta. Mwezi wa pili wa mwaka ule wa saba nilipata kazi kubwa: uniforme za harusi ya Lydie, wanawake ishirini, kitambaa kimoja cha kijani na ndege wa dhahabu, harusi Jumamosi. Jumatatu nikakunjua gauni la kwanza lililokwisha, nikaona matundu. Matatu, madogo kama punje za ufuta, kando zake nyeusi. Jumanne mengine mawili. Nikaunusa ule weusi. Moto.

Nani ana moto kwenye banda hili? Sikuhitaji hakimu. Nilitoka na gauni mkononi, nikasimama mbele ya karakana ya Mahmoudi, nikasema maneno ambayo sitayarudia kwa sababu mama yangu bado yuko hai. Nikasema cheche zake zinapita juu ya ukuta. Nikasema mabati yake na makelele yake yote ni maonyesho, mtu anayepiga kelele sana juu ya moto ndiye mwenye moto.

Mahmoudi alivua glavu, akalichukua gauni kwa ncha za vidole, akayatazama matundu muda mrefu.

"Cheche yangu haifiki kule," akasema. "Nilipima nilipohamia."

"Basi gauni limejichoma lenyewe, papa."

"Sisemi hivyo. Sijui limechomwa na nini. Nataka kujua, hata kukuzidi wewe."

Huo upole ndio ulionimaliza. Nikaenda moja kwa moja kwa Papa Édouard, chef wa quartier, mkuu wa mtaa wetu. Papa Édouard ni mtu mzuri anayependa mambo mawili: kofia yake na mikutano. Alinisikiliza, akaandika, akasema Alhamisi asubuhi atakuja kujaribu mbele ya watu wote. Kitambaa cheupe kitatundikwa kwangu kwenye ule ukuta. Fundi atafanya kazi saa nzima. Kitambaa kikitoboka, fundi atahama kabla ya Jumapili, ataenda nje ya mji kule wanakovunja magari mabovu. Kikibaki kizima, mimi nitaomba radhi hadharani.

Nilirudi nimejaa ushindi. Nikakata amerikani nyeupe, mita mbili, nikaipiga misumari ukutani mwenyewe. Viviane akaja kutazama.

"Mama Zaina," akasema, "huyu mutu akihama, nani atakuambia geuka?"

"Nitapumzika."

"Utapumzika, ee. Na ile pafyumu unavaa kila siku ya kazi, utavalia cherehani?"

Nikamfukuza na mkasi. Lakini neno lake lilibaki dukani, halikutoka naye.

Alhamisi walijaa. Papa Édouard alikuja na kiti chake, na Mahmoudi, kwa sababu sheria zake hazina chef, akakataa kuwasha mashine mpaka chef avae masque ya akiba. Chef akavaa. Jamani, alivyoipenda. Kioo kile ni cheusi, bila mwanga wa kazi huoni hata pua yako, lakini hakuivua tena. Alikuwa anawasalimia watu kwa kuwasikia tu, anatafuta kikombe chake cha chai kwa kupapasa, akamshika Viviane goti akidhani ni mkono wa kiti. Viviane akamwambia, "Papa chef, hii si ya serikali." Watu walivunjika mbavu kabla kazi haijaanza.

"Macho," akasema Mahmoudi, na mtaa ukageuka.

Mimi niliingia dukani. Kulikuwa na mambo mawili: nilitaka kukilinda kitambaa kwa macho yangu, na nilikuwa na magauni kumi na moja ya kupiga pasi. Pasi yangu ni ya makaa, ya bibi yangu, nzito, ina jogoo wa shaba kwenye kifuniko na matundu ubavuni ya kupitisha hewa. Moto wake ukilala, unafanya kama wanawake wote wanavyofanya: unaishika mpini, unaipepea huku na huku, mbele na nyuma, mpaka makaa yawe mekundu. Nimefanya hivyo toka nina miaka tisa. Mkono unajifanyia wenyewe, kama kujikuna.

Nusu saa ikapita. Upande wa pili nasikia umeme unakaanga, tsss, tsss. Kitambaa cheupe kabisa. Nikaanza kuona wasiwasi, nitaomba radhi vipi mimi, mbele ya Viviane. Pasi ikapoa. Nikaishika, nikasogea hatua mbili kutoka mezani ili nisigonge cherehani, nikaipepea kwa nguvu maana nilikuwa na hasira.

Na nikaiona. Kaa dogo, jekundu, saizi ya punje ya mahindi, likatoka ubavuni mwa pasi, likaruka taratibu mbele ya macho yangu, likatua katikati ya amerikani. Likashika. Likala kitambaa kidogo, likaanguka chini, likazima. Pale lilipokuwa pakabaki tundu, kubwa kuliko yale ya magauni, kando zake nyeusi.

Nilisimama na pasi mkononi. Nilikumbuka Jumatatu nilivyoipepea pasi. Nilikumbuka Jumanne. Nilikumbuka makaa ya bei rahisi, yanayopasukapasuka, niliyoanza kuyanunua Jumapili, siku moja tu kabla ya tundu la kwanza. Nje nikasikia Mahmoudi anasema, "Tayari," na kiti cha Papa Édouard kinasogezwa.

Waliingia wote, wale walioweza kuingia. Papa Édouard bado na masque, anaongozwa kwa mkono. Wakamvua mlangoni, kwa nguvu kidogo. Akakisogelea kitambaa, akaweka kidole chake kwenye tundu, na kidole kikapita.

"Bon," akasema. "Mumeona wote. Fundi, iko wazi. Jumapili tusikukute hapa."

Mahmoudi alilitazama tundu. Sikuwahi kumwona mtu ameumizwa namna ile na kitu kidogo vile. Hakusema nimeonewa. Alisema, polepole, "Basi nilipima vibaya. Nisamehe, Mama Zaina. Ningeweza kukuchoma."

Miaka saba mtu huyu amegeuza mtaa mzima ili asiumize jicho hata la samaki, na sasa anasimama dukani kwangu anaamini kwamba alikuwa ananichoma. Moyo wangu ulijua kitu hapo hapo, bila kuniuliza. Nikaona Jumatatu ijayo: upande wa pili kimya, hakuna tsss, hakuna mtu wa kuniambia geuka. Na mimi peke yangu na pafyumu yangu.

Lakini watu walikuwa wengi, na Lydie mwenyewe alikuwa mlangoni, mwenye harusi, mwenye magauni yenye matundu. Nikisema, ndiyo mwisho wa jina langu kama fundi. Nikinyamaza, Jumapili atabeba mabati yake. Nilifungua mdomo niseme, na badala ya neno kikatoka kicheko.

Kicheko kibaya, cha kutoka tumboni. Nilijaribu kukizuia kikatokea puani. Watu wakanitazama. Papa Édouard akasema, "Mama, si vizuri kucheka mutu akianguka," na hapo nikazidi, nikashika meza, machozi yanatiririka. Nikanyanyua pasi, nikaionyesha kwa kidole. Hawakuelewa. Basi nikafanya jambo moja nililoweza kufanya: nikaipepea mara moja, mbele yao wote, pa, na kaa likaruka, likapita mbele ya kofia ya Papa Édouard, likatua kwenye amerikani karibu na lile la kwanza.

"Ni mimi," nikasema, nilipopata pumzi. "Ni mimi toka Jumatatu. Lydie, matundu yako ni yangu. Papa Mahmoudi hajachoma kitu. Ni mimi na pasi ya bibi."

Halafu Viviane, toka nyuma ya watu, akaanza kwa utulivu, "Nyani..."

"Haoni kundule," mtaa mzima ukajibu.

Wakacheka mpaka banda likatikisika. Lydie, Mungu amlinde, alicheka kuliko wote, ingawa nadhani ni harusi ilikuwa imemlainisha. Papa Édouard alikuwa amevua kofia anaikagua kama imetoboka. Mtu mmoja tu hakucheka. Mahmoudi alikuwa ameinua pua, ananusa.

"Kuna kitu kinaungua," akasema.

"Ni hicho kitambaa, papa, tumekwisha ona," nikamwambia huku najifuta machozi.

"Hapana. Ni pamba."

Akatoka. Kabla sijauliza anakwenda wapi, amerudi na ile ndoo yake, akapiga magoti, akaingiza kichwa chini ya meza yangu. Kapu la vipande vya nguo lilikuwa linatoa moshi. Kaa jingine lilikuwa limeanguka mle na mimi sikuliona. Juu ya kapu, kwa urefu wa kiganja kimoja, yalikuwa yananing'inia magauni kumi na moja ya Lydie. Nilipoinama niliona ulimi mdogo wa moto unatoka kapuni, unatafuta pindo. Mahmoudi akamwaga mchanga wote. Moto ukazima bila hata kufanya sauti.

Akabaki pale chini, mkono wake juu ya mchanga, anasikiliza kama kuna joto bado. Anafanya hivyo baada ya kila kazi, anabaki nusu saa baada ya kuzima mashine, kwa sababu, anasema, moto ni mgeni anayejificha baada ya kuaga. Zamani nilifikiri ni uvivu. Watu wakaondoka mmojammoja, na yeye bado ameketi kwenye sakafu yangu na mkono kwenye kapu. Nikaketi na mimi upande wa pili wa kapu. Kila baada ya muda kicheko kilinirudia, na mara ya tatu na yeye akacheka.

Magauni nilifika nayo harusini. Kila tundu nililishonea ua la dhahabu juu yake, na wanawake wakauliza ni mtindo wa wapi.

Ijumaa ile, kabla ya harusi, Mahmoudi alikuja kuomba pasi. Nikampa. Jioni akaniita karakanani, akaniambia nisimame kwenye ubao, akanipa koti lake la zamani na glavu, kisha ile masque ya akiba, ambayo bado ilinuka chai ya Papa Édouard. Akanishushia usoni. Giza tupu.

"Macho," akapaza sauti kuelekea barabarani. Nikasikia mtaa unageuka. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Wewe angalia."

Kwanza hakuna kitu. Halafu tsss, na katikati ya giza likatokea jua dogo la kijani, na pembeni mwake mikono miwili. Mikono tu. Iliongoza lile jua juu ya chuma pole pole, haikutetemeka, haikuharakisha, na nyuma yake chuma kikawa kinaganda. Alikuwa anachomelea kijikuta cha bati, cha kusimama kwa kipimo cha kucha mbele ya matundu ya pasi yangu, hewa ipite na makaa yasipite. Miaka saba nimesikia kazi hiyo kwa mgongo. Moyo ulinienda mbio, nikawa nashukuru kwamba niko ndani ya kofia.

Akazima. "Umeona?"

"Sikuona vizuri," nikasema. "Rudia."

Akarudia. Nikasema kioo kina vumbi. Akarudia. Kijikuta cha pasi kilikuwa kimekwisha, akawa anachomelea chuma kwa chuma, bila kazi yoyote, na huko nje Viviane anapiga kelele kwamba shingo zao zimekauka, tayari au si tayari. Alimaliza baguette nne. Mahmoudi, mtu asiyepoteza hata kipande cha baguette.

Sasa hapa ndipo nilipoumia. Ile ndoo aliyoimwaga dukani kwangu aliichukua tupu, akaondoka nayo. Nikangoja aijaze anirudishie. Nilikuwa tayari, nilikuwa nimeifagilia mahali mlangoni. Wiki ikapita. Mwezi. Ananisalimia, anakagua pasi yangu kila Jumatatu, anacheka na mimi juu ya ukuta, lakini ndoo hakuna. Mwaka mpya ulipokuja nilivaa vizuri, nikafungua mapema, nikaketi mlangoni. Alikuja. Akanitakia heri. Mikono mitupu.

Nilimlilia Viviane. "Amechoka," nikamwambia. "Nimeirudisha mara saba, nani hatachoka?" Mimi, mwanamke mzima, nalia kwa ajili ya ndoo ya mchanga wakati mto wetu umejaa mchanga pande zote mbili. Viviane alinitazama kwa huruma, halafu akaenda kuuza samaki wake. Baadaye nikajua alikuwa anajua.

Wiki mbili baada ya hapo, shangazi yake Mahmoudi na wazee wawili walikuja nyumbani kwetu, wamevaa rasmi. Mjomba wangu, tonton Yusufu, aliwapokea sebuleni. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia na mama, na desturi yetu ni kwamba mwanamke anayeposwa haongei, anaposwa tu. Mama alikuwa amenishika mkono kwa sababu ananijua.

Wakaweka posa chini: vitenge, sukari, mafuta, viatu vya mama, koti la tonton. Tonton anahesabu na kutikisa kichwa kila kitu kinapofika. Mwisho shangazi akaenda nje, akarudi ameinama, akaweka kitu kizito juu ya mkeka. Tonton akafunua kitambaa cha dantela. Ndoo.

"Hii nini?" akauliza.

"Mchanga," akasema shangazi. Aliona haya. "Mimi pia nilimuuliza. Alisema isipokubaliwa hiyo, na hivi vingine turudi navyo."

Tonton Yusufu alichukua mchanga kidogo kiganjani, akautazama, akaupeleka puani. Nilijua anachotaka kusema. Angesema tunadharauliwa. Nyumba yetu ni ya zamani, na tonton hupenda kukumbusha. Nikaona kidole chake kinaisukuma ndoo kidogo, kuelekea kwa shangazi.

Nikanyofoa mkono wangu kwa mama.

"Pokea, tonton," nikasema toka nyuma ya pazia. "Mimi nimeirudisha mara saba."

Mama akafunika uso. Tonton akabaki na mchanga kiganjani, anatazama pazia, kisha akaumwaga taratibu ndani ya ndoo, akakung'uta mikono, akaivuta ndoo upande wetu.